Waya wa Shaba katika Historia ya Redio Bariadi

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia wananchi vijijini kupitia vikundi vya wasikilizaji wa redio. Kwa Bariadi, iliyokuwa chini ya Shinyanga kabla ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, historia hiyo haitoshi kuandikwa kwa nyaraka za serikali pekee. Betri kavu ikivuja, hula njia nyembamba za shaba kwenye ubao wa saketi. Redio ikinyamaza, kikundi hukosa somo. Hapo ndipo uteuzi wa waya unapokuwa na uzito. Njia yenye upana wa milimita 1 na unene wa mikromita 35 hukaribiana na waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 0.2. Waya wa namna hiyo hupatikana katika transfoma mbovu, lakini sharti vanishi yake ikwanguliwe nchani ndipo risasi ishike. Waya mnene hupitisha umeme vizuri zaidi, ila ugumu wake huweza kubandua shaba iliyosalia. Kwa hiyo, utafiti huu unauchukulia ubao uliotengenezwa kuwa hati: kiungo chake hushuhudia maarifa ya fundi, ambayo hesabu ya redio zilizosambazwa haiwezi kuyaonesha.