Kamishna Aliyegeuka Msomi wa Dini za Asia

Mkulima anayepeleka majani chai kwenye kituo cha kupimia hapa Silibwet hana sababu ya kulijua jina la Sir Charles Eliot. Hata hivyo, kuwa kwake Mkenya na si Mganda kunatokana na badiliko lililofanyika enzi za utawala wa Eliot. Tarehe 1 Aprili 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, Kenya ya baadaye. Wakipsigis, wenyeji wa huku, ambao wageni waliwaita Walumbwa, wakajikuta chini ya serikali nyingine bila kuulizwa.

Eliot, Kamishna wa himaya hiyo, alizaliwa Oxfordshire mwaka 1862 na kusoma Balliol, Oxford, ambako Kisanskriti kilimvuta mapema. Alianza kazi ya ubalozi St Petersburg. Sarufi yake ya Kifini ilitoka 1890. Akapita Morocco, Istanbul, Washington na Samoa, na mwaka 1900 akachapisha kitabu kuhusu Uturuki ya Ulaya kwa jina la bandia, Odysseus. Popote alipotumwa alijifunza.

Hata pwani yetu aliisoma, ila kwa namna yake. Alikuwa bingwa wa konokono wa bahari wasio na gamba, viumbe laini wenye rangi kali, ambao baadhi yao matamvua yao ya kupumulia huchanua mgongoni kama ua. Kiumbe wa namna hiyo akishawekwa kwenye chupa ya dawa, rangi hupotea na mwili husinyaa, kwa hiyo anayetaka kumweleza vizuri sharti amtazame akiwa hai. Kuanzia 1902 makala zake juu ya konokono wa Zanzibar na Afrika Mashariki zilichapishwa London, mfululizo, sehemu baada ya sehemu.

Uvumilivu huo hakuupeleka bara. Reli ya Uganda, iliyofika Ziwa Victoria mwishoni mwa 1901, ilikuwa imemeza zaidi ya pauni milioni 5, na Eliot aliona dawa ni moja tu: walowezi wa Kizungu. Sheria ya Ardhi ya Serikali ya 1902 ikafungua mlango. Kwake nyanda za juu zilikuwa nchi tupu inayosubiri kuandikwa, na mwaka 1904 aliiandikia Wizara ya Mambo ya Nje kwamba Wamaasai na makabila mengine mengi yatatoweka, na kwamba dhamiri yake haikumsuta. Hapa ndipo ninapomlaumu, na lawama yangu ni nzito kwa sababu hakuwa mjinga. Alijua kusikiliza, akachagua nani wa kusikilizwa. Mwaka huohuo alijiuzulu; si kwa ajili ya Waafrika, bali kwa sababu Wizara ilimzuia kuwapa ardhi Wazungu wawili kutoka Afrika Kusini huku ikiipa kampuni moja maili za mraba 500.

Mwaka 1905 kikosi cha Waingereza kiliwashambulia Wakipsigis wa Sotik, na ardhi ikafuata njia aliyoichora Eliot. Yeye alikuwa Sheffield, akiongoza chuo kikuu. Huko aliandika utangulizi wa kitabu cha A. C. Hollis kuhusu Wanandi, ndugu wa damu wa Wakipsigis, kilichotoka 1909. Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, yaani kiongozi wao wa ibada na utabiri, alikuwa ameuawa miaka minne kabla ya hapo.

Kisha Asia ikamchukua kabisa. Mwaka 1912 akawa mkuu wa Chuo Kikuu kipya cha Hong Kong, na kuanzia 1919 balozi nchini Japani. Mabuku matatu ya historia ya Uhindu na Ubuddha yalitoka 1921, na bado ni kazi ya kuheshimiwa. Alipostaafu hakurudi Uingereza. Alikaa Nara, karibu na mahekalu ya kale, akiyasoma madhehebu ya Kibuddha. Alifariki melini Machi 1931 akiwa njiani kurudi kwao, akazikwa baharini. Katika kitabu chake kuhusu madhehebu hayo, sura ya mtawa Nichiren, ambayo hakuimaliza, iliandikwa na George Sansom, ofisa wa ubalozi wa Tokyo ambaye naye aligeuka mwanahistoria mkubwa wa Japani, na kitabu kikatoka 1935.

Mwaka mmoja kabla, serikali ya Kenya ilipitisha sheria ya kuwahamisha Talai, ukoo wa maorkoiyot wa Wakipsigis. Watu wenye ujuzi wa ibada na utabiri, ujuzi ambao Eliot aliufuata hadi Nara, walitolewa Kericho na familia zao, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria.