Jibu la mwanafunzi kuhusu kura ya wanawake: mwalimu atafute nini?

Nimefundisha Historia na Serikali huku Pwani kwa miaka mingi, na kila nikisahihisha swali la vyanzo vya kihistoria hukutana na sentensi ileile: "Chanzo hiki kina upendeleo." Mwanafunzi akishaiandika huweka nukta, na mwalimu humpa alama yake. Nami nilikuwa nikimpa. Walimu wenzangu, na nyinyi wazazi mnaokaa na watoto usiku wakifanya kazi ya ziada, hebu tuangalie jibu kama hilo lina thamani gani. Natumia mada ya haki ya wanawake kupiga kura kwa sababu vyanzo vyake ni vingi na vinagongana.

Nianze na kosa langu. Tarehe 4 Juni 1913, mwanaharakati wa Uingereza, Emily Wilding Davison, aliingia katikati ya mbio za farasi huko Epsom akagongwa na farasi wa Mfalme George wa Tano. Alifariki siku nne baadaye. Katika vitu vyake palipatikana kipande cha tiketi ya treni ya kurudi. Je, alikusudia kufa? Mwongozo wangu wa kusahihisha ulitaka mwanafunzi aseme kwamba tiketi yaonyesha alitarajia kurudi nyumbani. Binti mmoja wa kidato cha tatu akaandika kwamba angependa kwanza kujua kama siku ile ya mbio stesheni iliuza tiketi za kwenda tu, kwani huenda kila abiria alikuwa na ya kwenda na kurudi. Nikampa sufuri.

Baadaye, nikisoma zaidi kuhusu kisa hicho, nikakuta wanahistoria wenyewe wamebishana juu ya jambo hilohilo. Nilimwita nikamrekebishia alama, lakini ripoti za muhula zilikuwa zimeshafika kwa wazazi.

Mwaka 1991 mtafiti wa Marekani, Sam Wineburg, alichapisha utafiti uliolinganisha wanahistoria na wanafunzi wa sekondari wakisoma nyaraka zilezile. Wanahistoria walitazama kwanza nani kaandika na lini. Wanafunzi wengi walianza mstari wa kwanza wakashuka mpaka wa mwisho, kama wasomao kitabu cha kiada. Hapo ndipo pa kutazama tunaposahihisha: mwanafunzi ameanzia wapi?

Chukua tamko lililochapishwa katika jarida la The Nineteenth Century mnamo Juni 1889, likipinga wanawake kupewa kura ya bunge. Waliotia saini ni wanawake, zaidi ya 100, wakiongozwa na mwandishi wa riwaya Mary Ward. Darasani kwangu wengi hulitupa mbali: "walilazimishwa na waume zao." Hakuna neno ndani ya tamko linalosema hivyo. Ward huyohuyo alisaidia kuanzisha Somerville, chuo cha wanawake Oxford. Mwanafunzi anayeuliza mtu anawezaje kutetea elimu ya wanawake na kupinga kura yao, huyo ameanza kazi. Mmoja wa waliotia saini, Beatrice Potter, ambaye baadaye alijulikana kama Beatrice Webb, alibadili msimamo hadharani mwaka 1906. Kwa hiyo saini ya 1889 yatuambia alichofikiri mwaka 1889, basi.

Wengine huandika kwamba wanawake wa Uingereza walipata kura mwaka 1918. Si kweli kamili. Sheria ile iliwahusu wa miaka 30 na zaidi, tena wenye masharti ya mali. Usawa na wanaume ulikuja 1928.

Na hapa kwetu? Mwaka 1919 wanawake wa Kizungu nchini Kenya walipata kura. Waafrika walichagua wajumbe wao wanane wa Baraza la Kutunga Sheria mnamo Machi 1957, kwa masharti ya elimu, mali na mengineyo, na wengine wakawa na kura hadi tatu kila mmoja. Wanawake wa Kiarabu wa Mombasa waliachwa nje, nao wakaipelekea serikali ya kikoloni ombi la kudai haki hiyo. Ukimpa mwanafunzi wa Majengo au Kibokoni habari hizi, swali zuri hujileta lenyewe: kwa nini mama wa Nairobi mwenye ngozi nyeupe alikuwa amepiga kura karibu miaka 40 kabla ya bibi yangu? Mwache aulize, kisha umwulize atathibitisha kwa chanzo gani. Barua za serikali hazitoshi. Sarah Mirza na Margaret Strobel walikusanya historia za maisha za wanawake watatu wa Mombasa, zikachapishwa 1989. Maneno ya akina mama wenyewe ni ushahidi, nayo pia yapimwe, kwani kumbukumbu ya uzeeni huchagua.

Siku hizi "kina upendeleo" peke yake nakiweka kwenye ngazi ya kukaribia matarajio. Akitaja nani anasema, na kwa faida ya nani, amefikia. Akileta chanzo cha pili kinachokubaliana au kupingana na cha kwanza, au akasema chanzo hakiwezi kuthibitisha nini, amezidi. Kusahihisha namna hii kunachosha. Karatasi 50 zanila Jumamosi nzima. Na swali la tiketi bado nalitoa, ila mwongozo wake nimeuandika upya.