Presha Kabla ya Kisu

Januari 1929, jarida la madaktari la Lancet, London, lilichapisha makala fupi kutoka Kavirondo Kusini, koloni la Kenya. Mwandishi wake alikuwa C. P. Donnison, daktari wa serikali aliyekuwa amewafunga mkanda wa kupimia presha Waafrika wapatao 1,000. Hadi umri wa miaka 40 hivi, vipimo vyao havikutofautiana sana na vya Wazungu. Kuanzia hapo vya Wazungu hupanda. Vya watu wa Kavirondo vilianza kushuka. Katika miaka miwili hospitali yake ililaza wagonjwa wapatao 1,800, na Donnison hakuona hata mmoja wa kumwandikia ugonjwa wa shinikizo la damu.

Ukipanda kaskazini kutoka hapo, unafika nchi ya Wabukusu, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Kavirondo Kaskazini, na mbele yake mashamba ya walowezi yaliyoizunguka Kitale. Ndalu ilikuwa upande huo wa mashamba. Leo ni sehemu ya Tongaren, kaunti ya Bungoma, na mgonjwa wake anayehitaji kupasuliwa ana njia kadhaa: apande Kitale, ateremke Webuye au Lugulu, au apelekwe Eldoret katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, iliyoanza miaka ya Vita Vikuu vya Kwanza kama hospitali ndogo ya Waafrika. Popote atakapokwenda, kabla ya kisu atafungwa mkanda mkononi. Na mara nyingi namba itakayotoka ndiyo itakayoamua kama atapasuliwa siku hiyo au atarudishwa nyumbani.

Namba za Donnison hazina sababu kubwa ya kutiliwa shaka. Kilichopotoka ni matumizi yake. Yeye mwenyewe aliandika kitabu mwaka 1937 akihusisha maradhi kama haya na misukosuko ya ustaarabu wa kisasa, na kwa muda mrefu madaktari wengi waliichukulia presha kuwa ugonjwa wa Mzungu. Ukishaamini hivyo, huna haja ya kumpima Mwafrika anayekuja na kidonda au henia.

Daktari Hugh Trowell aliiona hali hiyo ikibadilika kwa macho yake. Alifika Kenya mwaka 1929, mwaka ule ule wa makala ya Donnison, kisha akahamia Mulago, Kampala, alikofundisha na kutibu kwa miaka mingi. Mwaka 1980 aliandika kuhusu Wakenya na Waganda kati ya 1928 na 1978, yaani nusu karne ambamo watu waliotajwa kuwa hawana presha walikuja kuwa nayo kama wengine. Kizazi kimoja cha madaktari kiliweza kushuhudia safari nzima.

Nusu karne hiyo ndiyo iliyoizaa Ndalu ya sasa. Kuanzia 1962, chini ya mpango wa kugawa ekari milioni moja za walowezi, familia zilipewa vipande vya ardhi katika skimu za Tongaren, Lugari na Ndalu yenyewe. Mahindi yakawa chakula na pesa kwa wakati mmoja. Kiwanda cha karatasi kikasimama Webuye, cha sukari kikafuata Nzoia, na pamoja na mshahara ikaja chumvi ya dukani. Mboga za Waluhya zilikuwa zikilainishwa kwa munyu, maji yanayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, ambayo yana potasiamu nyingi. Munyu bado unapikiwa, lakini siku hizi karibu nao kuna pakiti ya chumvi.

Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1990 uliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini kwenda Nairobi. Muda mfupi baada ya kuhama presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki, na mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi. Mkulima wa Ndalu hakuhamia Nairobi, ila sehemu ya Nairobi ilimfuata shambani.

Upande wa kisu una historia yake. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci, daktari wa Turin, alitengeneza mkanda wa mpira wa kuzungushwa mkononi na kuunganishwa na mrija wa zebaki. Miaka mitano baadaye Harvey Cushing, daktari kijana wa upasuaji kutoka Marekani, alikiona kifaa hicho Pavia, akaenda nacho Baltimore na kuanza kukitumia chumba cha upasuaji. Kabla yake, anayemlaza mgonjwa kwa etha alitegemea kidole kwenye mshipa na rangi ya midomo. Wakubwa kadhaa wa fani walikipuuza kifaa hicho, wakiona kidole kinatosha. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkoff akaonyesha namna ya kusikiliza mapigo kwa stetoskopu chini ya mkanda, na tangu hapo kila kipimo kina namba mbili, ya juu na ya chini.

Mkanda uliwaonyesha madaktari jambo ambalo kidole hakikuweza. Mtu aliyeishi na presha kwa miaka, mishipa yake imekakamaa, na ubongo na figo zake zimezoea kupokea damu kwa msukumo mkubwa. Dawa ya nusukaputi ikimwingia, mishipa hulegea na presha huanguka. Mpira wa kupumulia ukipitishwa kooni, huruka juu. Kisu kikigusa ngozi, huruka tena. Mwenye afya huyapita mawimbi hayo bila madhara. Kwa huyu mwingine wimbi la juu linaweza kupasua mshipa wa ubongo, na la chini linaweza kuziacha figo bila damu ya kutosha. Watu huogopa zaidi lile la juu, lakini daktari wa nusukaputi hupata kazi kubwa na lile la chini.

Dawa zilipopatikana, ugomvi ulihamia kwenye dawa. Miaka ya 1950 iliyotumika sana ni reserpini, iliyotolewa kwenye mizizi ya mmea wa India wa jamii ya rauwolfia. (Ndugu yake wa Afrika Mashariki ni msesewe, ambao gome lake Wachaga hulitia kwenye mbege.) Reserpini humaliza akiba ya kemikali ambayo neva hutumia kuikaza mishipa, hivyo wataalamu wa nusukaputi wakaogopa kwamba presha ikianguka mezani haitainuka. Agizo likatolewa: dawa isimamishwe wiki mbili kabla ya operesheni. Kwa miaka kadhaa wagonjwa waliachishwa dawa ili wapasuliwe, presha ikawapanda wakingoja zamu.

Mwaka 1971 Cedric Prys-Roberts na wenzake wa Oxford waliligeuza agizo hilo. Waliwachunguza wagonjwa waliokuwa chini ya nusukaputi na kuona kwamba wasiotibiwa ndio ambao presha yao iliyumba vibaya zaidi. Kutoka hapo ushauri ukawa: endelea na dawa hadi asubuhi ya kisu. Kisha wengine wakavuka mpaka upande wa pili. Ikiwa dawa ya kutuliza moyo ni nzuri, kwa nini asipewe kila mwenye hatari? Jaribio la POISE, lililochapishwa mwaka 2008 likiwa na wagonjwa 8,351, lilijibu kwa ukali. Waliopewa metoprololi, moja ya dawa hizo, muda mfupi kabla ya operesheni walipata mshtuko wa moyo mara chache zaidi, lakini waliokufa walikuwa wengi zaidi, na kiharusi kiliongezeka. Aliyekuwa akiimeza tangu zamani asiiache, na asiyeijua asianzishiwe siku ya kupasuliwa. Kuhusu dawa za presha za jamii ya enalaprili na losartani, mabishano yaliendelea hadi juzi. Jaribio la Ufaransa la mwaka 2024, lenye wagonjwa 2,222, halikuona tofauti ya vifo wala madhara makubwa kati ya walioendelea nazo na waliozisimamisha, ingawa walioendelea walishukwa na presha mezani mara nyingi zaidi.

Katika wodi zetu historia hii yote hukutana na sentensi moja: usile wala usinywe chochote kuanzia usiku wa manane. Mama aliyeambiwa hivyo hutii. Kidonge chake cha presha ni kitu cha kumezwa, kwa hiyo anakiacha kwenye mkoba kando ya kitanda, kimefungwa kwenye kijikaratasi cha duka la dawa. Saa mbili asubuhi, akiwa na njaa, baridi na woga, anavalishwa gauni la kijani na kufungwa mkanda. Mashine inalia, inaandika 190 kwa 115. Operesheni inaahirishwa, naye anarudi kwenye barabara ya Kitale na nauli imeshakwisha, wakati kidonge na funda moja la maji vingeweza kumwokoa na safari hiyo.

Woga wenyewe hupandisha presha, na nchi ya Wabukusu inaujua vizuri. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti, vijana hupelekwa mtoni alfajiri, hupakwa tope la baridi mwili mzima, kisha husimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Kijana anasifiwa kwa kutulia nje. Moyo wake unapiga namna gani, hakuna anayeuliza. Hospitalini hali imegeuka: mgonjwa anaweza kuficha hofu usoni, lakini mkanda utaitangaza.

Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 ulikataa kukitegemea kipimo cha asubuhi hiyo peke yake. Ukasema mgonjwa aje na vipimo vya zahanati yake vya miezi 12 iliyopita, viwe chini ya 160 kwa 100, na kama hana rekodi hiyo, operesheni iendelee ikiwa presha haijafika 180 kwa 110. Ni kanuni ya busara, ila imejengwa juu ya daftari. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa kabisa. Kwa wengi wao zahanati haina ukurasa wa kufungua. Dhana ya 1929 kwamba hakuna cha kutafuta imekufa vitabuni, lakini tabia ya kutopima bado ipo, na hivyo chumba cha upasuaji ndicho kinachomwambia mtu kwa mara ya kwanza kwamba ana ugonjwa wa miaka kumi.

Anayemwambia mara nyingi ni afisa wa kliniki aliyesomea nusukaputi, na wengi wanaolala mezani pake ni wajawazito. Utafiti wa mwaka 2018 katika nchi 25 za Afrika ulionyesha kwamba theluthi moja ya operesheni zilikuwa za kujifungua. Presha ya mimba haiwezi kuahirishwa hadi wiki ijayo. Mama hupewa magnesiamu salfeti kuzuia kifafa cha mimba, presha hushushwa taratibu kwa hidralazini au labetaloli, na mtoto hutolewa. Kidonge cha nifedipini kilichokuwa kikitobolewa na kumiminwa chini ya ulimi, mbinu iliyopendwa sana zamani, wataalamu walikikataza kwa sababu kiliishusha presha kama jiwe.

Jambo la maana zaidi katika eneo hili limetokea mbali na meza ya upasuaji. AMPATH, ushirika wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya Eldoret na vyuo vya Marekani ulioanza na UKIMWI mwaka 2001, uliingia katika presha kwa kuwatuma wahudumu wa jamii nyumba kwa nyumba, Webuye ikiwemo. Walikuta kwamba zahanati huishiwa dawa, wakaanzisha maduka ya dawa ya mfuko wa mzunguko, ambapo pesa ya mauzo ya leo hununua dawa za kesho. Halafu wakajaribu kitu ambacho kila mwanamke wa Ndalu anakijua: chama. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, lenye watu 2,890 wa magharibi mwa Kenya, baadhi ya wagonjwa wa presha na sukari walikutana kwa vikundi, wakaweka akiba na kukopeshana, na katika mkutano huo huo mhudumu akawapima na kuwapa dawa. Presha ilishuka katika makundi yote ya jaribio. Mwanachama wa kikundi kama hicho akiitwa Kitale kutolewa kibofu cha nyongo, anaingia na kadi iliyojaa namba za mwezi hadi mwezi, na mwenye zamu ya nusukaputi ana kitu cha kusoma kabla ya kufunga mkanda.