Nani Ashike Kisu?

Leo tutasoma habari za madaktari wetu, na swali gumu lililo katika mafunzo yao.

Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo waliohitimu walikuwa 12 tu, na watu walizidi milioni 9. Mwaka 1963 chuo cha udaktari kilianza Dar es Salaam. Lakini kumfundisha daktari ni kazi ya miaka mingi, na mama mwenye uchungu hangoji.

Mfikirieni mama wa Rombo wa siku zile. Mtoto amekwama. Vijana wanamteremsha kwa machela kati ya migomba. Wanafika hospitali, daktari hayupo, yupo msaidizi wake. Je, ashike kisu, au mama angoje?

Serikali ilikata shauri. Waganga waliokwisha kutibu watu kwa miaka kadhaa walirudishwa darasani, wakasoma miaka kama miwili, wakawa madaktari wasaidizi wenye ruhusa ya kupasua. Mtu aweza kuuliza: kwa nini wa mjini apate daktari kamili, na wa kijijini msaidizi? Ni swali la haki. Lakini uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009, uliofanywa katika hospitali za Mwanza na Kigoma, haukuona tofauti kubwa kati ya akina mama waliopasuliwa na wasaidizi na wale waliopasuliwa na madaktari. Mimi naona mama yule asingojeshwe.

Hapa Moshi hospitali kubwa ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na chuo chake cha udaktari kikaanza mwaka 1997. Hapo lipo jambo jingine. Wanafunzi huzunguka kitanda, nao hujifunza kwa mwili wa mgonjwa. Haiepukiki, kila mpasuaji ana siku yake ya kwanza, na mwalimu wake lazima awe kando yake. Lakini mgonjwa aambiwe: huyu ni mwanafunzi, unakubali? Huku mlimani mzee akiona koti jeupe huitikia ndiyo kwa adabu tu, hata kama hakuelewa. Ndiyo ya namna hiyo si idhini.

Sasa, mwalimu wa darasa, zima redio kidogo. Kila mwanafunzi aandike katika daftari lake: kama ningelala kitandani pale, ningetaka kuambiwa nini kabla ya kupasuliwa?