Nyoka anayekataa kula: namna gani anakaa miezi bila kufa

Kijana mmoja wa upande wa Kiliba alikamata chatu mudogo ndani ya matete, karibu na mashamba ya zamani ya miwa. Akamuweka ndani ya pipa la chuma na kufunika juu kwa bati lenye matundu. Wazo lake lilikuwa kumuonyesha watu ili wamupe kitu kidogo. Juma la kwanza akamutupia panya. Chatu hakumugusa. Juma la pili akaleta kifaranga, ni vilevile. Mwezi ukapita, wa pili ukaanza, na pale lupango ikaanza kusema: "Nyoka hii haikule na haikufe. Basi iko inakula nini usiku?"

Kila mukaaji wa Uvira anajua swali kama hilo linapeleka wapi. Kwetu kuna hadithi ya nyoka anayefugwa ndani ya nyumba, anayetapika pesa, na anayedai damu ya mutu wa jamaa. Mutoto wa jirani akipata homa, mwenye nyoka anaanza kuangaliwa vibaya. Kutoka macho mabaya mpaka mawe, njia si ndefu. Kwa hiyo ni vizuri kujua hivi: nyoka kukaa miezi miwili, mitatu, hata zaidi bila kula ni jambo la kawaida ya mwili wake. Hakuna mutu anayeliwa.

Tuanzie kwa kuku na panya. Hawa, na sisi pamoja nao, tunakula kila siku juu mwili wetu ni sawa na babula isiyozimwa: makala mengi yanachomwa ili tubakie na joto lilelile mchana na usiku. Nyoka hana babula ndani. Joto lake analitoa kwa jua, kwa jiwe lililopata jua, kwa muchanga, kwa bati la nyumba. Kwa uzito uleule, nyoka anatumia karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu ambayo munyama mwenye manyoya anatumia. Kwa hiyo panya mmoja munene anaweza kumutosha majuma mengi.

Hata ile kidogo anaweza kuipunguza. Mwaka 2007 mutafiti Marshall McCue, kule Arkansas, Marekani, alitoa matokeo ya kazi yake juu ya nyoka 62 wa aina tatu. Alikuwa amewanyima chakula muda wa karibu miezi sita. Wengine walishusha matumizi ya nguvu mwilini kwa kiasi kinachofika asilimia 72. Na jambo lililoshangaza watu ni kwamba walikuwa wanakonda huku wanaendelea kurefuka. Katika zile aina tatu mulikuwa chatu mudogo wa Afrika, yule anayejikunja kama mupira akiogopa, ambaye anapatikana kuanzia Senegal mpaka Uganda.

Matumbo pia yanalala. Chatu wa Asia, ndugu wa chatu wetu, wamechunguzwa sana kwa jambo hili. Akikaa bila kula, utumbo wake unasinyaa na tumbo linaacha kutoa asidi. Akimeza munyama, kila kitu kinaamka: ndani ya siku mbili moyo wake unaweza kuongezeka kwa asilimia 40, na utumbo unakuwa karibu mara mbili. Chakula kikiisha kusagwa, vinarudi vidogo. Ni sawa na mutu anayefunga duka na kuzima taa zote wakati hakuna wateja.

Hapa kwetu tuko na mufano muzuri sana, lakini watu wengi wanamuua mbele ya kumujua: nyoka mla mayai. Ni mwembamba, hana sumu, na meno yake ni kama hayako. Chakula chake ni mayai ya ndege peke yake. Anameza yai zima, anakaza shingo, mifupa iliyochongoka ndani ya koo inalipasua, anakunywa ute na kiini, halafu anatapika ganda likiwa limekunjwa. Sasa fikiri: ndege wale wanaoshona viota kwenye mingazi hawatagi mwaka muzima. Viota vikiwa tupu, nyoka huyu anafanya nini? Anangojea. Anakula sana wakati wa mayai, halafu anafunga miezi mpaka ndege warudie kutaga. Ukimukamata wakati huo na kumuwekea panya, utasema amerogwa.

Chatu jike naye, akitaga, anazunguka mayai yake na kuyalinda mpaka yapasuke. Ni kazi ya miezi miwili mpaka mitatu, na muda huo wote kwa kawaida hali. Ukimukuta ndani ya shimo akiwa mukondo, usiseme ni mugonjwa. Na zaidi ya yote, usitie mukono.

Kule Ulaya na Marekani nyoka ni munyama wa nyumbani, kama paka. Ndugu zetu walioko kule wanatuma picha na sisi tunacheka. Mmoja wa wanaofugwa sana ni nyoka wa mahindi, mwekundu-mwekundu, asiye na sumu, anayetoka kusini-mashariki mwa Marekani. Wengine wanasema jina hilo ni juu ya alama za tumbo lake zinazofanana na punje za mahindi, wengine ni juu ya kuonekana kwenye gala za mahindi akifuata panya. Watu wa Sange na Luvungi wenye gala wanaelewa maneno hayo bila kufasiriwa. Mukubwa wake anakula mara moja kwa juma moja au mawili. Na wenye kumufuga wako na kilio kimoja, kilekile cha kijana wetu wa Kiliba: nyoka wangu amekataa kula, ni mwezi wa tatu, nifanye nini?

Jibu la wenye ujuzi halianzie kwenye chakula. Linaanzia kwenye joto. Nyoka akiwa baridi, tumbo halisagi. Panya aliyemezwa anaweza kuoza ndani. Kwa hiyo anakataa, na ana haki. Kwetu jambo hili linaonekana wazi kwa sababu ya milima. Uvira iko kando ya ziwa, karibu mita 775 juu ya bahari. Bukavu inakaribia mita 1500, na milima mirefu ya Itombwe inazidi pale mbali. Mutu akikamata nyoka kwenye joto la bonde la Ruzizi na kumupandisha kule juu ndani ya kiloba, asishangae akikataa kila kitu. Na pipa la chuma pia ni nyumba mbaya: saa sita linachoma, saa tisa za usiku limekuwa baridi kama maji ya muto.

Kisha kuna woga. Nyoka anakula akiwa amejificha. Mukiweka watu kumi kumuangalia, watoto wakigonga pipa kwa fimbo, hawezi kufungua mudomo isipokuwa kwa kuuma. Yule aliyekamatwa porini ni mubaya zaidi kwa hili. Anaweza kukataa miezi mingi, wakati aliyezaliwa kwenye sanduku anazoea haraka.

Ngozi nayo. Macho yakiwa na rangi ya maziwa, anajitayarisha kuvua ngozi, na siku hizo wengi hawali. Wanaume, wakati wa kutafuta majike, wanasahau chakula kabisa (hapa wanawake wa redio yetu walicheka sana).

Na pengine chakula chenyewe si chake. Watoto wa nyoka wa mahindi, porini, wanaanza na mijusi na vyura wadogo. Ukiwapa katoto ka panya wengine hawajui hata kama ni chakula. Kobra wa maji wa ziwa letu ni vilevile. Huyu wavuvi wa Kalundu wanamujua: mwenye pete nyeusi shingoni, anayejificha kwenye mawe na kuzama mpaka mita 25 kufuata samaki. Aina hii ya Tanganyika iliandikwa kwa jina la kisayansi mwaka 1886, kwa heshima ya Émile Storms, afisa Mubelgiji aliyekuwa Mpala. Ni mutu wa samaki. Ukimuwekea panya, ni kama kumuwekea Mufuliru sahani ya majani makavu.

Ugonjwa unabaki. Mudomo wenye usaha, povu puani, kupumua mudomo wazi, minyoo: hapo kutokula ni alama mbaya. Kipimo kizuri ni mizani. Nyoka mukubwa anayefunga lakini uzito wake haushuki sana, muache na umupe maji safi kila siku, juu kiu inaua mbele ya njaa. Yule ambaye uti wa mugongo unaanza kuchomoza kama ukingo wa bati, huyo ni shida. Katoto nako hakawezi kungoja kama mukubwa.

Mambo mawili watu wanafanya kwa nia njema, nayo yanaua. La kwanza ni kumufungua mudomo kwa kijiti na kusukuma nyama. Koo linapasuka, au anatapika na kubaki na nguvu kidogo kuliko mbele. La pili ni kumuachia panya muzima usiku kucha. Nyoka asiye na hamu analala, panya mwenye njaa hali kwa woga: anamutafuna mugongo.

Tuache wanaofuga, ni wachache. Jambo linalogusa wengi ni nyoka aliyeingia nyumbani bila kualikwa. Tangu mafuriko ya usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, na maji ya ziwa yalipopanda miaka iliyofuata, wakaaji wa Kavimvira na mitaa mingine ya kando ya maji wamezoea kuhama, kufunga depo, kurudia baadaye. Mara nyingi tunasikia: "Tulimuona akiingia, tukafunga mulango. Mwezi muzima, amekufa njaa." Hapana. Mwezi si kitu kwake, zaidi kama mule ndani kuna panya na unyevunyevu. Na sumu haiishe kwa njaa. Nyoka mukondo anauma sawa na mwenye kushiba. Fungua mulango mchana, piga kelele, ingia na taa na viatu, inua viloba kwa fimbo ndefu, si kwa mukono.

Akiuma: mutu asikimbie. Muvue pete na bangili, mufunge mukono au muguu kwa ubao ili usitikisike, mubebe mpaka hospitali. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, na lile jiwe jeusi linalouzwa sokoni liache, haliondoe sumu, linaondoa saa tu. Akitemewa machoni, osha kwa maji mengi, upelekwe kwa munganga. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na huku Kivu Profesa Chifundera Kusamba wa kituo cha Lwiro alikuwa ameisha kuandika juu ya nyoka wa nchi yetu na kuuma kwao tangu 1990.

Chatu mwenyewe, wote wa Afrika, yuko chini ya mapatano ya CITES, na habari za wanyama wa pori ziko kwa ICCN. Mwenye kutaka kuona nyoka wanaofugwa kwa utaratibu anaweza kwenda kwenye Musée Vivant ya Bujumbura, siku mpaka uko wazi.

Na yule wa Kiliba? Mzee mmoja wa pale, aliyefanya kazi kwenye miwa miaka mingi, aliomba pipa ligeuzwe mbele ya watu wote, asubuhi, jua likiwa limepanda kidogo. Chatu alitoka polepole. Alikuwa amekonda, lakini si sana. Alilala kwenye muchanga wa moto karibu dakika kumi bila kutikisika, watu wako mbali wanamuangalia. Halafu akanyoosha kichwa upande wa matete na kwenda. Mama mmoja akauliza pipa litatumiwa kufanya nini sasa. Kijana akasema ataliosha, aweke maji ya mvua.