Watu Tuliokuwa Nao Mwaka wa 1960

Mara nyingi tunasikia kwamba siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Kongo haikuwa na watu. Wanatuonyesha hesabu: wenye diploma ya universite hawakufika 30, mganga Mkongo mwenye diploma hakuwapo hata mmoja, na katika kazi kubwa za serikali, zaidi ya 4,000, Wakongo walishika 3 tu. Ni kweli. Lakini hesabu hizo zinapima nini?

Siku hizi Banki ya Dunia inapima utajiri ulio ndani ya watu: uzima wao na masomo yao. Tangu mwaka wa 2020 inauliza tena swali la pili, nami naliona kubwa kuliko la kwanza: utajiri huo unatumiwa kiasi gani? Tuliulize swali hilo juu ya zamani za Wabelgiji.

Tazama wale walioitwa asistenti wa waganga. Walisoma miaka mingi, wakajua magonjwa ya nchi. Hata hivyo Mzungu aliyetoka shule jana alikuwa mkubwa wao. Mwaka wa 1960 waganga wengi wa Kizungu walipokimbia, Shirika la Afya la Dunia lilisaidia kuwapeleka wengi wa asistenti hao Ufaransa. Baada ya miaka michache wakarudi waganga kamili. Miaka michache tu! Mbona hawakupewa mbele?

Katika jeshi ni vile vile: askari karibu 25,000, wala ofisa Mkongo hata mmoja. Tarehe 5 Julai waliasi.

Tena hesabu ile ya diploma haikuwatia mapadri. Stefano Kaoze alipata upadri Baudouinville mwaka wa 1917, miaka 37 kabla ya Lovanium kufunguliwa; wakati wa uhuru mapadri Wakongo walipita 500, kila mmoja na filosofia yake na teolojia yake. Sisi wa seminario tusijisifu upesi, lakini. Tangu Kaoze mpaka askofu wa kwanza Mkongo, Pierre Kimbondo wa Kisantu, ilipita miaka 39.

Na wale waliotoka seminario kabla ya kufika altare? Joseph Kasa-Vubu alisoma filosofia Kabwe. Mwaka wa 1942 serikali ilimpa kazi ya ukarani katika ofisi ya fedha, na ndipo alipokaa miaka mingi, yeye aliyekuwa prezidenti mwaka wa 1960.