Mheshimiwa, Mkataba Umeuona?

Mheshimiwa alianza kwa Kisukuma. "Mwadila bhabha, mwadila mayu," akasema, na uwanja mzima ukaitikia na kucheka, maana anapokuwa bungeni haongei hivyo. Kisha akahamia Kiswahili cha Dodoma, nami nikafungua daftari.

Nilikuwa nimekwenda pale kwa ajili ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili, ingawa mama mdogo, aliyenipa kiti cha plastiki mbele ya genge lake la nyanya, alikuwa anawaambia wateja kwamba nimetumwa na gazeti. Kijiji sitakitaja, wala mbunge. Ni upande wa Kahama, mahali ambapo ukichimba shimo la choo watoto wanakuja kuangalia rangi ya mawe.

Alituletea mrejesho kwa karibu saa nzima. Madarasa mangapi, zahanati imefikia wapi, madawati, kisima. Nyingi ya fedha hizo, alisema, zimetoka mgodini: ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato, na mpango wa kila mwaka ambao kampuni inakubaliana na halmashauri tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2017. Alizijua takwimu zake. Watu walipiga makofi na walikuwa na sababu, kwani darasa ni darasa.

Ndipo mzee mmoja mwenye kofia ya pama akasimama. "Mheshimiwa, kwa madarasa tunashukuru. Mkataba umeuona?"

Mbunge akatabasamu. "Mzee wangu, hilo ni suala la kitaifa," akasema, akampa nafasi kijana aliyetaka kujua bei ya pamba.

Swali la mzee yule lina umri. Nimelisoma kwenye Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge za Agosti 2007, ambako liliulizwa kwa maneno marefu zaidi na Zitto Kabwe, aliyekuwa na miaka 30 na mbunge wa Kigoma Kaskazini, jimbo lisilo na mgodi hata mmoja wa dhahabu wa kampuni kubwa. Alitaka iundwe kamati teule ichunguze mkataba wa Buzwagi, mgodi uliokuwa unaanzishwa kilomita chache tu kutoka Kahama mjini. Mkataba huo ulikuwa umesainiwa London Februari mwaka huohuo na Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi. Hoja ya Zitto ilikuwa hii: kama Serikali imesema inapitia upya mikataba ya madini, kwa nini huu mpya umesainiwa haraka, tena ughaibuni?

Kamati haikuundwa. Badala yake, Mudhihir Mudhihir wa Mchinga alitoa hoja kwamba Zitto amelidanganya Bunge, na Bunge likamsimamisha hadi Januari 2008. CCM ilikuwa imeshinda majimbo 206 kati ya 232 mwaka 2005, kwa hiyo hesabu ya kura haikuwa ngumu. Wanaoandika taarifa za Bunge wana desturi ya kuweka neno Makofi ndani ya mabano kila wabunge wanapopiga makofi. Baada ya wiki mbili za kusoma kurasa hizo nilianza kuliona neno hilo hata nilipofumba macho.

Mimi nilikuwa darasa la pili. Ninachokumbuka ni redio ya duka la jirani na wanaume waliosimama nje wakisikiliza bila kununua kitu. Baba yangu alikuwa anachimba kwenye duara na wenzake, na kwa watu kama yeye neno mkataba lilikuwa na maana moja: karatasi ambayo mtu mwingine anayo, nawe unaambiwa uhame. Wengi wao walikumbuka Bulyanhulu, ambako wachimbaji wadogo waliondolewa mwaka 1996 ili kupisha kampuni.

Waliomfungia Zitto mlango wa Bunge nadhani hawakufikiria ataelekea wapi. Alikwenda viwanjani. Yeye na viongozi wa vyama vya upinzani walizunguka nchi wakieleza Buzwagi kwenye mikutano ya hadhara, na Septemba ile, Mwembe Yanga, Dk. Willibrod Slaa akasoma orodha yake ya watu 11 aliowatuhumu kwa ufisadi. Kwa miezi kadhaa, mrejesho wa kazi ya Bunge ulitolewa na mtu aliyezuiwa kuingia humo. Novemba, Rais Kikwete akaunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto akawa mjumbe, pamoja na John Cheyo wa Bariadi Mashariki na Ezekiel Maige wa Msalala, wote wa Shinyanga ya wakati ule. Miezi michache baada ya kuadhibiwa kwa kuuliza, alikaa mezani na mikataba mbele yake.

Matokeo yake yanaonekana. Chini ya sheria ya 1998 mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3, tena baada ya kukatwa gharama. Sheria ya 2010 iliufanya asilimia 4 ya thamani ghafi, na marekebisho ya 2017, baada ya sokomoko la makinikia, yakaufikisha 6. Sheria ya 2015 ya uwazi katika tasnia ya uziduaji inataka mikataba ichapishwe. Ya 2017 inataka ipelekwe bungeni ndani ya siku sita za vikao. Kwenye karatasi, mzee wa kofia ya pama alishashinda zamani.

Lakini Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC itaacha kurusha vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, na mwaka huohuo mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa hadi Januari 2023. Mbunge aliruhusiwa kuhutubia jimboni kwake tu. Mtu wa Kigoma asingeweza tena kusimama Kahama kueleza mgodi wa Kahama. Buzwagi yenyewe, iliyotoa dhahabu ya kwanza 2009, ilimaliza uzalishaji 2021. Mkataba ule ulizeeka na kufa kabla mama mdogo hajauona hata jalada lake.

Mkutano ulipoisha nilimfuata mzee. Nilimwamkia, nikamweleza habari za sheria ya 2015 na ya 2017, nikamtajia na siku sita. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa wewe mjukuu wangu unayesoma huko, umeuona?"

Nikamwambia sijauona. Akaniuliza kama daftari langu bado lina nafasi, niandike kwamba limeulizwa, niweke na tarehe.